Jinsi Ruweyda Alivyoifunga Biyo ya Zamani

Mwanamke aliyenipigia simu asubuhi ile hakunisalimu. Aliuliza tu, "Nyinyi ndio wenye Biyo?"

Nikasema ndiyo.

"Basi njooni mzike ngamia wangu."

Biyo ni neno la Kisomali, maana yake maji. Ndilo jina la programu ya simu tuliyoitengeneza sisi watatu hapa Garissa, katika chumba kilicho juu ya duka la vifaa vya ujenzi, pale ambapo upepo ukivuma kutoka soko la mifugo inabidi ufunge dirisha. Kazi yake ni rahisi kueleza. Visima vingi vya mashine huko Wajir na Mandera vina waangalizi wao. Mwangalizi akibonyeza kwenye simu yake kwamba maji yapo, alama ya kisima chake kwenye ramani inakuwa ya kijani. Mashine ikiharibika, anabonyeza tena, inakuwa nyekundu. Mfugaji aliye mbali anatazama, au anatazamiwa na mwenye simu, kisha anaamua wanyama aelekeze wapi. Wakati wa jilaal, ule ukame mrefu unaotangulia mvua za masika, uamuzi huo ndio uhai wenyewe.

Mwanamke yule aliitwa Sharifo. Alikuwa akihama na watu wake kaskazini ya Wajir, na alikusudia kunywesha wanyama katika kisima cha Burjaale. Ramani ikamwonyesha Burjaale ni nyekundu. Akakipita kwa mbali, akaenda kisima kinachofuata, safari ndefu ya jua kali, mama yake mkongwe akiwa amefungwa juu ya ngamia kama mzigo. Njiani ngamia jike mwenye mimba alipiga magoti, hakuinuka tena. Ndama kadhaa nao wakafa baada yake. Walipofika walikokuwa wakienda ndipo walipokutana na watu waliotoka Burjaale, viriba vyao vikiwa bado na maji.

"Mashine ya Burjaale haijawahi kusimama," Sharifo aliniambia. "Hata saa moja. Na mimi wekundu niliuona kwa macho yangu. Nani aliuweka?"

Nilimpa simu Ruweyda.

Ruweyda Bare ndiye mkuu wetu, ingawa hapendi kuitwa hivyo. Ni mtoto wa Wajir, alisomea kompyuta Nairobi, akapata kazi nzuri huko katika kampuni yenye lifti na mashine ya kahawa, akaiacha akarudi. Ni mwembamba, anatembea haraka, na akiwa na jambo kichwani huvuta ncha ya mtandio wake mpaka nyuzi zinatoka. Sisi wengine tunaposema "watumiaji", yeye hutaja visima. Atasema "Burjaale hajaripoti leo" kama mtu anayeuliza habari za jamaa yake.

Nilidhani atamweleza Sharifo kwamba huenda ni hitilafu, kwamba tutachunguza. Hakusema hivyo. Alisimama, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akasema, "Eeddo, aliyeweka uongo huo simjui bado. Lakini umekufikia kutoka mkononi mwetu, kwa hiyo ni wetu. Nisamehe. Nitakupigia mimi mwenyewe nikishajua."

Eeddo ni shangazi. Sharifo akasema, "Haye," yaani sawa, akakata simu.

Mwenzetu wa tatu ni Abdijabar, anayelinda seva na usalama wa mitambo. Amekulia Eastleigh, Nairobi, Kisomali chake kina lafudhi ya mjini, na hana subira na kitu chochote kinachokwenda polepole. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameshagundua mlango aliopitia mwongo huyo. Alituita mezani kwake.

"Simu zenye mfumo mpya," alisema, "kila ripoti inatoka na muhuri wa siri. Huwezi kuughushi. Lakini zile simu kuukuu haziwezi kubeba muhuri huo, mfumo wake ni wa zamani mno. Kwa hiyo tumewaachia wenye nazo toleo la zamani la Biyo, linatuma jina la kisima na namba ya mwangalizi, basi. Mtu mwenye ujanja kidogo tu anaweza kukaa popote na kompyuta akajifanya ndiye mwangalizi wa Burjaale. Na ndivyo alivyofanya."

"Dawa yake?" Ruweyda akauliza.

"Tukate. Leo hii. Toleo la zamani lizimwe, mwenye simu kuukuu atafute nyingine. Ruweyda, wallahi, simu hizo ni chache sana. Ukizihesabu kati ya zote tulizo nazo huzioni. Na nusu ya muda wangu zinaula zenyewe: kila tukiongeza kitu, lazima nikishone upya ili kienee humo. Kampuni kubwa za dunia hukata kila mwaka, na hazimwombi mtu ruhusa."

Sikuona kosa katika maneno yake, na bado silioni. Ruweyda naye hakumbishia. Alimwomba kitu kimoja tu: atuonyeshe kwenye ramani simu za zamani peke yake, nyingine zote azifiche.

Abdijabar akabonyeza. Ramani ikawa karibu tupu. Garissa mjini hapakubaki kitu, Wajir mjini hivyo hivyo. Vilivyobaki ni vitone vichache vilivyokaa pembeni kabisa, huko kaskazini, kuelekea Rhamu na mpakani, mahali ambapo kutoka kisima kimoja hadi kingine ni mwendo wa kumaliza mnyama.

"Ni chache kweli," Ruweyda alisema. "Lakini tazama zilipo. Tukikata leo, katikati ya jilaal, eneo lote hili linakuwa giza."

"Na tusipokata," Abdijabar akajibu, "kesho Sharifo mwingine atapiga simu."

Ruweyda akawa anavuta ncha ya mtandio.

"Naenda Burjaale," alisema hatimaye, akanigeukia. "Faiza, tutakwenda pamoja. Abdijabar, mpaka turudi, ripoti yoyote ya toleo la zamani isionekane kwenye ramani kabla hujampigia mwangalizi mwenyewe na kuisikia sauti yake."

"Mimi? Niwapigie wote? Kila siku?"

"Umesema ni wachache."

Nilicheka, na Abdijabar naye akacheka bila kupenda.

Tulipanda basi hadi Wajir, tukalala kwa binamu yake Ruweyda, na kutoka hapo tukapata nafasi katika gari la wafanyabiashara waliokuwa wakipeleka unga na sukari kaskazini. Burjaale huioni mpaka umeifikia. Unaanza kuisikia jenereta, halafu unaona vumbi, na ndani ya vumbi ngamia, ngamia, ngamia, na mabirika marefu ya saruji yanayong'aa maji.

Mwangalizi alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Istar, mwenye sauti iliyoweza kuishinda jenereta. Kamati ya maji ilimchagua kwa sababu hapendelei mtu: anayekuja kwanza ananywesha kwanza, awe ndugu yake au adui wa babu yake. Simu yake ilining'inia shingoni ndani ya kifuko cha kitambaa. Tulipojitambulisha hakutupa mkono.

"Nyinyi ndio mlioniita mwongo," alisema.

Tukaja kuelewa taratibu. Watu waliokipita kisima kwa sababu ya ule wekundu hawakujua habari za muhuri wala seva. Walijua kwamba Burjaale ni Istar, na kwamba Istar ndiye anayebonyeza. Wakaamini amebonyeza uongo ili maji yabaki kwa watu wa ukoo wake. Mzee mmoja alikuja akatema mate karibu na birika, mbele ya watu, akaondoka bila kunywesha. Istar alilisimulia hilo akiwa amegeukia upande wa mashine, kana kwamba anakagua mkanda wake.

Ruweyda alimwomba msamaha kama alivyomwomba Sharifo, kwa maneno yale yale machache. Kisha hakusema mengi tena. Alikaa juu ya debe lililopinduliwa, kando ya birika, akatazama kazi ya simu ile moja kutwa nzima. Nami nikatazama pamoja naye.

Kila kundi lililofika lilikuwa na swali lake. Tukitoka hapa twende wapi? Kisima fulani kina maji? Na kile kingine? Istar alitoa simu kifukoni, akaisogeza mbali na macho kwa kuwa haoni vizuri kwa karibu, akasoma kwa sauti kubwa. Watu wakapokezana. Msichana mmoja mwenye kabambe, zile simu ndogo za vitufe, alimpigia kaka yake aliyekuwa malishoni mbali akamweleza yote aliyoyasikia, na kaka yake bila shaka akawaambia wengine. Kufikia alasiri nilikuwa nimepoteza hesabu ya familia zilizokwenda na maneno yaliyotoka katika kioo kile kilichopasuka. Kwetu Garissa, kwenye mitambo, zote hizo zilionekana kama simu moja.

Ruweyda akamwuliza Istar kwa nini hajapata simu mpya zaidi. Istar akaingia kibandani, akatoka na simu nyembamba inayometa, zawadi ya mwanawe anayefanya kazi mjini.

"Hii ni ya arusi," alisema. "Nikiwa na dizeli mikononi, kioo chake hakinisikii. Jua likiwaka inazimika yenyewe, inaniandikia kwamba imechoka na joto. Mimi nichoke na joto halafu na simu nayo ichoke? Na betri yake imefungiwa ndani. Hii kuukuu nina betri zake mbili, moja iko kazini, nyingine iko kwenye sola."

Hapo ndipo Ruweyda alipomweleza ukweli wote. Wengi tungeuzunguka. Alimwambia kwamba simu ile kuukuu ni kama nyumba isiyo na komeo, kwamba mtu aliingia humo akavaa jina lake, na kwamba anaweza kurudi wakati wowote. Alimwambia pia kwamba njia pekee ya hakika ni kulifunga toleo la zamani, na siku likifungwa, simu iliyo shingoni mwake haitaweza kutuma kitu kwa Biyo.

Nilitegemea Istar atakasirika. Akaifuta simu kwa upindo wa guntiino yake, lile vazi la kujifunga begani, pole pole.

"Basi funga," alisema.

"Hata wewe ukiwa humo?"

"Abaayo, dada yangu, jina langu nimelijenga miaka mingi kuliko simu hii. Mtu akiweza kulivaa jina langu akaua ngamia wa watu, bora nyumba hiyo ifungwe. Lakini nitoe mimi kwanza, ndipo ufunge. Usifunge nikiwa ndani halafu unigongee dirishani kunipa pole."

Ruweyda alicheka kwa mara ya kwanza tangu simu ya Sharifo. Istar akatuletea chai ya maziwa ya ngamia, na hapo ndipo alipotupa mkono.

Tukiwa njiani kurudi, tumeketi juu ya magunia matupu, Ruweyda alivuta nyuzi za mtandio wake mpaka tulipoanza kuona mabati ya Wajir. Kisha akasema, kana kwamba tulikuwa katikati ya mazungumzo, "Faiza, tumekuwa tukiuliza swali bovu. Kila mara tunauliza simu za zamani zimebaki ngapi. Zikipungua sana, tunasema wakati umefika. Lakini idadi haikuambii kitu. Lazima tuulize: siku tukifunga, atakayebaki ndani ataumia kiasi gani? Na tuna nini mkononi cha kumpa badala yake?"

"Kwa hiyo hufungi?"

"Nafunga. Istar mwenyewe ameniambia nifunge. Lakini jilaal sifungi. Mvua zikinyesha watu wana maji ya mabwawa, hawategemei kisima kimoja. Tukikosea wakati huo, kosa linarekebishika. Tukikosea sasa, watu wanazika."

Nimefanya kazi na watu wenye akili nyingi. Sijaona mwingine aliyeichukua tarehe ya kuzima programu akaitundika kwenye mvua, na ukimsikia unashangaa kwa nini ulimwengu mzima haufanyi hivyo.

Tulimkuta Abdijabar ofisini akiwa na simu sikioni, miguu juu ya kiti, akisema kwa Kisomali chake cha Eastleigh, "La, la, adeer, ami yangu, mpe maji ya sukari na chumvi kidogo kidogo, usimpe yote mara moja." Alipokata tulimwuliza alikuwa akizungumza na nani.

"Nunow," alisema. "Mwangalizi wa kisima cha huko juu, karibu na Rhamu. Mjukuu wake anaharisha." Akaona tunavyomtazama. "Nini? Si mliniambia niwapigie?"

Tukaketi tukatafuta njia ya kumtoa Istar na wenzake ndani kabla ya kufunga, na aliyeipata ni Abdijabar. Mwangalizi atatuma ujumbe mfupi wa kawaida, ule ambao hata kabambe inautuma, wenye neno moja tu la Kisomali: biyo ikiwa maji yapo, maya ikiwa hapana. Ujumbe ukifika, seva yetu yenyewe inampigia mwangalizi kwa namba aliyoandikishwa, inamsomea alichotuma, naye anathibitisha kwa kubonyeza tarakimu zake za siri. "Anayejifanya Istar," Abdijabar alisema, "hatakuwa na simu ya Istar shingoni. Tukipiga, atakayepokea ni Istar." Alifanya kazi ile kwa hamu ambayo sikuwahi kuiona kwake.

Kujenga njia hiyo kulichukua sehemu kubwa ya jilaal iliyokuwa imebaki. Wakati huo wote ripoti za toleo la zamani ziliendelea kuthibitishwa kwa mdomo, na Ruweyda akajitwika kazi hiyo mwenyewe ili Abdijabar apate nafasi ya kujenga. Kila asubuhi baada ya swala ya alfajiri alianza kupiga. Nilipofika ofisini nilimkuta sauti imeshakauka.

Shirika la Nairobi lililokuwa likitusaidia halikupenda. Walitaka toleo la zamani lizimwe upesi, kwa sababu walikuwa na ramani mpya ya kupendeza waliyotaka kuionyesha wageni wao, na ramani hiyo haikuweza kuishi nyumba moja na simu kuukuu. Afisa wao alipiga. Ruweyda aliweka simu mezani ili sote tusikie.

"Tunahitaji tarehe," afisa alisema.

"Itafungwa mvua zikinyesha."

"Sawa, mvua ya tarehe ngapi?"

"Hiyo, ndugu yangu, umwulize Mwenyezi Mungu."

Afisa hakucheka. Alieleza kwa upole kwamba bila tarehe, msaada utasimama. Ruweyda akatutazama mimi na Abdijabar mmoja baada ya mwingine, na nikajua anatuomba ruhusa, maana mishahara yetu ilikuwa humo. Abdijabar aliinua mabega. Mimi nikatikisa kichwa kukubali.

"Basi usimame," Ruweyda alisema. "Kama mtapenda kurudi, milango iko wazi."

Ulisimama kweli. Zilikuwa wiki ngumu. Ruweyda alianza kufundisha kompyuta jioni katika chuo kimoja mjini, na alichopata huko kililipa intaneti ya ofisi. Hakututangazia. Nilijua kwa sababu mdogo wangu alikuwa mwanafunzi wake.

Kisha asubuhi moja ikaingia ripoti: Burjaale, nyekundu. Nilikuwa nimeketi kando yake alipompigia Istar. Hata kabla Istar hajazungumza tuliisikia jenereta ikinguruma.

"Mashine imekufa?" Ruweyda akauliza.

"Nani kakwambia?" Istar alipiga kelele. "Maji yanamwagika hapa mpaka ngamia wanateleza!"

Wekundu ule haukuwahi kuonekana kwenye ramani ya mtu yeyote. Safari hii Abdijabar alikuwa amejiandaa, akaufuata uzi mpaka mwisho wake. Ulimfikisha kwa mwenye malori ya maji aliyekuwa akiuza kwa wafugaji barabarani. Kisima kikionekana kimeharibika, watu walikaa kando ya barabara wakisubiri lori lake. Kamati za visima zikamkatalia kujaza maji, malori yake yakasimama, na kesi ikaenda kwa polisi. Lakini Ruweyda alisisitiza jambo moja kwa kamati kabla ya yote: mwenye malori amlipe Sharifo kwanza, kwa desturi. Akalipwa ngamia jike mwenye mimba na wengine wadogo. Ruweyda akampigia Sharifo kama alivyoahidi, akamweleza aliyefanya na jinsi alivyofanya.

"Na Istar?" Sharifo aliuliza.

"Hakubonyeza kitu. Alisingiziwa."

"Nilimlaani mwanamke yule," Sharifo alisema. "Nitapita kwake."

Alipita kweli, tulisikia baadaye, na walinywesha wanyama pamoja.

Mvua zilianzia Mandera, zikashuka Wajir, zikatufikia Garissa alasiri moja zikipiga mabati kwa kishindo hata tukawa tunaandikiana badala ya kusemezana. Kufikia hapo waangalizi wa simu za zamani walikuwa wameshahamia njia mpya mmoja mmoja. Nilikaa na kila mmoja kwenye simu mpaka akatuma neno lake, akapigiwa na seva, akathibitisha. Wengine ilibidi tujaribu siku nyingi. Istar alikuwa wa kwanza kuweza na wa kwanza kulalamika kwamba sauti ya seva inazungumza kama mtu wa redio.

Aliyebaki alikuwa Nunow. Simu yake ilizimika tangu mvua za kwanza. Tulipiga, tukatuma salamu kwa wasafiri, kimya.

"Tusubiri," Abdijabar alisema. Ndiye yule yule aliyetaka tukate siku ile ile. "Wiki nyingine. Nunow ni mtu wa kweli, atajitokeza tu."

Kwa kuwa nilimjua Ruweyda, nilidhani atakubali.

"La," alisema. "Mlango uko wazi, na aliyeingia mara mbili amewafundisha wengine. Mabwawa yamejaa. Hakuna wakati mwema kuliko huu, na tukiupitisha tutafunga jilaal ijayo watu wakiwa na kiu. Kisima cha Nunow tutakiandika kwamba hatujui. Ndiyo kweli yenyewe."

"Na Nunow?"

"Nunow tutamtafuta. Kumtafuta hakuhitaji toleo la zamani."

Alikuwa amerekodi ujumbe kwa sauti yake, kwa Kisomali, ili mtu yeyote atakayefungua Biyo ya zamani asikutane na kioo kinachoganda bila sababu. Ulieleza kwamba njia hii imefungwa, kwa nini imefungwa, njia mpya ni ipi, na ukampa namba ya kupiga akikwama. Namba yenyewe ni yake Ruweyda. Akausikiliza mara ya mwisho, akasema bismillahi, akabonyeza. Abdijabar aliegemea kiti, akatoa pumzi ndefu, na siku chache baadaye alianza kufuta mistari ya programu ambayo kwa miaka ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya simu hizo tu. Biyo ikawa nyepesi. Hata simu za kawaida ziliifungua haraka zaidi.

Wale wa Nairobi walirudi baadaye na barua ya adabu. Ruweyda akawapokea bila kuwakumbusha lolote.

Aliyemfuata Nunow ni Abdijabar mwenyewe, mtu ambaye hakuwahi kuvuka Wajir maishani mwake. Alinipigia akiwa Rhamu. Alimkuta mzee huyo mashambani kando ya mto Daua, akilima vitunguu na ndugu zake. Simu yake ilitumbukia mtoni siku ya mafuriko, na kisima alikuwa amemwachia mpwa wake Arbia, ambaye hakuna aliyempa habari zetu. Mjukuu alikuwa amepona. Abdijabar alikaa huko siku kadhaa zaidi ya alivyohitaji, akamfundisha Arbia, akarudi na gunia la vitunguu tulilogawana.

Jioni aliporudi, Ruweyda alikuwa akifunga kompyuta yake. Nilimwambia sasa apumzike, kazi ya simu kuukuu imekwisha.

"Imekwisha hii," alisema. "Zile tulizoziita mpya, hivi sasa zinazeeka. Iko siku nazo tutazifunga." Akajitanda mtandio wake vizuri. "Kesho anza kuwapigia wenye nazo, taratibu tu, mmoja mmoja. Bado wana miaka. Lakini nataka tuwajue mapema."

Nikamwuliza nianze na nani.

"Anza na walio mbali," alisema, na tukashuka ngazi.